Kilo 84

Mzee mwenye duka la vitambaa mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, alikuwa rika la babu yangu, lakini mtaa mzima ulimwita Kaka. Sisi watoto Kaka, mama zetu Kaka, hata bibi yangu aliyekuwa amebakiwa na meno manne naye akiingia dukani anaanza, "Kaka, ile kanga ya jana bado ipo?" Tulidhani ni utani wa zamani ambao chanzo chake kimesahaulika. Miaka mingi baadaye, nilipopata nafasi ya kusoma Rajkot, jimbo la Gujarat, India, ndipo nilipoelewa. Kwa Kigujarati kaka ni ndugu wa kiume wa baba. Huko mjomba anaitwa mama, na babu mzaa baba anaitwa dada. Wiki yangu ya kwanza mwenye nyumba alinionyesha mzee mmoja mwenye masharubu kama mikia ya ng'ombe, akaniambia huyu ndiye mama yake. Nilichungulia nyuma ya yule mzee nikimtafuta mwanamke.

Ukutani mwa duka la Kaka, juu ya mabunda ya khanga na vitenge, palikuwa na picha iliyokatwa kutoka kwenye kalenda. Ilikuwa picha ya mlima wa mawe, na ubavuni mwa mlima mstari mweupe unaopinda kama utepe wa fundi cherehani. Nilimwuliza ni nini. Akasema hizo ni ngazi, mlima unaitwa Girnar, uko kwao, na ngazi zake ni elfu kumi. "Mimi nimekwenda huko nina miaka sita," akasema. "Tulikwenda na meli ya Karanja, baba yangu, mama yangu, mimi. Nimefika juu kabisa."

Nilimwamini. Mtoto wa miaka sita kapanda ngazi 10,000. Nililibeba jambo hilo kichwani tangu utotoni mpaka nikavuka nalo bahari, na ndilo lililoniponza.

Kaka alifunga duka nikiwa kidato cha pili, akahamia Leicester kwa mwanawe. Aliposikia nimepata chuo Rajkot alinipigia simu kwa furaha kuliko baba yangu. Akasema Junagadh, mji ulio chini ya Girnar, haiko mbali, basi la saa mbili au tatu tu, na kwamba nisiondoke India bila kupanda.

Ilinichukua mpaka mwaka wa tatu. Januari 2023, tulipopata siku nne za mapumziko, tuliondoka wawili: mimi na mwenzangu wa chuo, Mtaita wa Voi, kijana mwembamba asiyechoka. Kutoka Rajkot hadi Junagadh ni kama kilomita 100, mashamba ya pamba na karanga huku na huku, kisha ghafla kwenye tambarare ile unaona mlima umesimama peke yake. Kilele chake kirefu zaidi, Gorakhnath, kinapita mita 1,100, na hakuna sehemu nyingine Gujarat iliyo juu kuliko hapo. Kwa mtu aliyewahi kuiona Usambara ikiinuka nyuma ya Korogwe hiyo si namba ya kutisha. Nilimwambia mwenzangu hivyo. Maneno yale aliyaweka akiba, akanirudishia baadaye moja baada ya jingine.

Tulifika mchana, na kwa kuwa watu hawapandi jua likiwa kali, tulipitisha jioni kwenye jiwe la Ashoka. Liko kando ya barabara itokayo mjini kwenda mlimani, ndani ya nyumba ndogo iliyojengwa kulihifadhi. Ni jiwe kubwa jeusi la duara, kama mgongo wa kiboko aliyelala, na limeandikwa karibu kila mahali. Ashoka, mfalme wa karne ya 3 kabla ya Kristo, alichonga humo amri zake 14 kwa mwandiko wa Brahmi. Hakuna amri ya kumwua mtu au kumtoza kodi. Moja inazungumzia dawa za watu na wanyama, visima na miti ipandwayo njiani. Nyingine, ya 12, inasema anayeisifu dini yake na kuidharau ya mwenzake anaidhuru ya kwake mwenyewe. Miaka kama 400 baadaye mfalme mwingine, Rudradaman, akaongeza maandishi yake kwenye jiwe lilelile, akisimulia jinsi dhoruba ilivyobomoa bwawa la hapo na jinsi yeye alivyolijenga upya bila kuwatoza raia kodi wala kuwatia shokoa. Karne ya 5 akaja wa tatu, Skandagupta: bwawa limebomoka tena, limejengwa tena.

Neno shokoa ni langu, mwongozaji alitumia jingine, lakini maana ni hiyohiyo: kazi ya kulazimishwa bila ujira. Nilipigwa na butwaa kidogo kwamba kwenye mwaka wa 150 hivi mfalme aliona fahari kuandika kwamba hakumlazimisha mtu kazi. Nikapiga picha, tukaenda kula.

Kijiji kilicho mguuni pa mlima kinaitwa Bhavnath. Tuliamka saa tisa usiku. Januari ya Gujarat ina baridi inayouma masikio, na muuza chai aliyekuwa amejifunika blanketi mpaka puani alinitazama, akamimina, akanitazama tena. "Siddi? Jambur?" akauliza. Nilikwisha kuzoea. Gujarat kuna Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika ambao wamekaa huko vizazi kwa vizazi, ni Waislamu, na Jambur ni kijiji chao kimoja upande wa msitu wa Gir. Ngoma yao wanaiita goma. Nikamwambia mimi si Siddi, natoka Tanzania, akatikisa kichwa kama mtu anayeona kwamba nimelikana kabila langu bure, akanipunguzia bei ya chai hivyohivyo.

Hatua chache kutoka hapo, chini ya taa, palikuwa na mizani. Ilikuwa mizani ya kweli, kama ile ya kupimia magunia ya korosho, na juu yake amekaa bibi mmoja mnene aliyevaa sari ya kijani, amekunja miguu, anasubiri asomewe. Pembeni wanaume wanne wamesimama na mti mrefu na kiti cha mbao kilichofungwa kwa kamba. Hiyo ndiyo doli. Kiti kinaning'inia kwenye mti, mti unakaa mabegani, na abiria hulipishwa kwa uzito wake. Ukiwa mwepesi wanatosha wawili, ukiwa mzito wanahitajika wanne.

Nilicheka, tena si kidogo. Nilimnong'oneza mwenzangu kwamba huyu bibi anauzwa kwa kilo kama nyanya. Yeye hakucheka, akaniambia tu, "Twende." Watu wa Voi wana adabu zao.

Palikuwa na njia nyingine ya kupanda. Tangu Oktoba 2020 kuna magari ya waya, vibanda vya vioo vinavyoning'inia na kupita angani kilomita 2.3 hadi hekalu la Amba, dakika nane hivi umefika. Lakini hayaanzi usiku, na hata yangeanza, mtoto wa miaka sita hakupanda gari la waya.

Ngazi zenyewe ni nzuri, lazima niseme. Ni za mawe, pana, zimechongwa kwa utaratibu. Hizi zilizopo zilijengwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, na fedha zake zilichangishwa kwa bahati nasibu. Fikiria: mtu kakata tiketi akitarajia utajiri, kakosa, na fedha yake imekuwa ngazi ambayo mimi naikanyaga leo. Kila baada ya mwendo fulani pameandikwa namba ubavuni, na namba ni za Kigujarati. Mpaka ngazi ya 500 nilikuwa sizijui, na kufikia ya 2,000 nazisoma kama za kwetu. Hakuna somo la lugha nililowahi kulifahamu kwa kasi hiyo, maana kila tarakimu niliisoma kwa mapaja.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilihesabu. Ngazi 2,100, bado 7,900. Ngazi 2,200, bado 7,800. Wenyeji waliokuwa wakipanda nasi hawakuhesabu kitu. Wanaotoka juu wanawaambia wanaopanda "Jai Girnari!", wanaopanda wanajibu "Jai Girnari!", na salamu ile inakwenda mlima mzima gizani kama watu wanaopokezana ndoo. Bibi mmoja, mguu peku, na kikuku cha fedha kifundoni, alikuwa anapanda ngazi ishirini, anakaa, anavuta pumzi, anapanda ishirini nyingine. Nilimpita mara tatu. Kila nikikaa kupumzika kwa muda mrefu anatokea tena, "Jai Girnari, dikra," yaani mwanangu, anapita. Mara ya nne sikumpata tena.

Jua lilichomoza tukiwa kwenye mahekalu ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, kama ngazi ya 4,000. Sitasema mengi kuhusu mahekalu hayo kwa sababu yanahitaji mtu mwenye miguu. La Neminath, mmoja wa walimu wao wakuu, ni la karne ya 12, la ndugu wawili mawaziri, Vastupala na Tejpala, ni la karne ya 13, na yote yamekusanyika kwenye ukingo wa jabali utadhani mji mzima ulikimbilia juu kukwepa mafuriko. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta wake mmoja nikala machungwa mawili. Mwenzangu aliingia akatoka anang'aa uso.

Hekalu la Amba liko kama ngazi ya 5,000. Ni la mawe mazito, la kale, limeinama kidogo kama mzee anayesikiliza. Amba ni mungu mama, na desturi ya huko ni mume na mke waliooana karibuni kuja kuomba baraka ya ndoa yao. Tulikuta wawili, nguo zao zimefungwa fundo moja, yeye bibi harusi amevaa viatu vya raba chini ya sari nyekundu, wamechoka wote wawili kiasi kwamba hawakutazamana.

Mimi ni Mwislamu. Mama yangu, nilipompigia simu kumwambia ninakokwenda, alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Unakwenda kutazama au unakwenda kuabudu?" Nikasema kutazama. "Basi vua viatu, shusha macho, usicheke." Hilo la mwisho nilikuwa nimekwisha kulivunja kwenye mizani. Nilivua viatu, nikasimama karibu na mlango. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa mimi nani, nafanya nini pale. Hakuna aliyeuliza. Kuhani alimpa kila anayepita kipande cha nazi, akanipa na mimi. Nilikipokea kwa mkono wa kulia, kisha nikabaki nacho, sijui nikifanye nini, maana chakula kilichotolewa kwa sanamu kwangu si cha kula, na kukirudisha ni kumtukana mwenyeji. Nikakitia mfukoni. Yule bibi mwenye kikuku, kumbe amekaa pale chini anapumua, aliniona. Akanyoosha mkono. Nikampa, akakila, akacheka kwa ufizi. Wala hakuonyesha kukasirika. Nadhani hilo ndilo jambo la adabu zaidi nililofanyiwa na mtu tangu nifike India.

Hapo mtu mwenye akili angerudi. Wengi hurudi hapo. Lakini Kaka alisema "juu kabisa", na juu kabisa kwa mahujaji ni Dattatreya, kilele kilichochongoka kama kidole, unachokiona ng'ambo. Ubaya wake ni kwamba huendi moja kwa moja. Kutoka Amba unapanda mpaka Gorakhnath, halafu unashuka bonde refu, ngazi zaidi ya elfu moja kwenda chini, kisha unazipanda tena upande wa pili. Na wakati wa kurudi ni hivyohivyo. Juu ya kidole kile kuna alama za nyayo kwenye jiwe. Wahindu wanasema ni za Dattatreya, mungu wao, Wajaini wanasema ni za Neminath, na mzozo huo haujaisha: polisi wapo huko juu. Nilipoambiwa hivyo nililikumbuka jiwe la jana, amri ya 12, iliyochongwa mguuni pa mlima huohuo.

Gorakhnath nilifika. Nilisimama juu ya Gujarat yote, upepo unapiga mpaka suruali inapepea kama bendera. Ng'ambo niliuona mlima wa Datar, wenye mahali pa walii ambapo Waislamu na Wahindu wote hupazuru. Niliona bwawa, mji, na mashamba mpaka yanapotelea kwenye ukungu. Kisha nikaanza kushuka bonde, na kwenye ngazi ya mia mbili hivi goti langu la kushoto lilitoa sauti.

Sijui niieleze vipi sauti hiyo. Kama mtu akivunja muwa akiwa chumba cha pili. Haikuuma mara moja. Nilichukua hatua nyingine, na hapo goti likakataa. Nilikaa. Mwenzangu alikuja akalishika, akasema halijatoka mahali pake, limevimba tu. Kisha akaanza kunirudishia maneno yangu: "Ila wewe umezoea Usambara."

Nilimwambia aende Dattatreya peke yake. Alikwenda, alifika, na mpaka leo anapenda kutaja. Mimi nilirudi Gorakhnath kwa makalio na mikono, ngazi moja moja, kisha nikashuka hadi Amba nimemshika bega mtu mmoja mwenye familia yake ambaye hakuniuliza hata jina. Moyoni nilikuwa nimekwisha kata shauri: fahari basi, nakata tiketi ya gari la waya, dakika nane niko chini, na Kaka hatajua.

Kituoni vibanda vilikuwa vimesimama, vinayumba. Upepo. Ukizidi kiasi, magari yanazimwa mpaka utulie, na siku ile hakuna aliyejua utatulia saa ngapi. Watu walikuwa wamekaa sakafuni na watoto na vikapu.

Nje ya kituo walikuwa wamekaa wabeba doli, wanavuta biri. Mmoja wao, mzee wa miaka hamsini na kitu, mwenye kilemba cheupe kilichogeuka rangi ya vumbi, alinitazama nikichechemea. Hakuuliza kama nataka. Alinitazama tangu utosini hadi miguuni, polepole, kama fundi anayekadiria ubao, akasema kwa Kihindi, "Chaurasi." Themanini na nne.

Nilikuwa nimepima zahanati ya chuo wiki mbili kabla. Nilikuwa na kilo 84 kamili.

Wenzake walicheka kwa kuona nilivyoshtuka. Mmoja alinitania kwamba hiyo ni namba kubwa. Baadaye niliambiwa maana yake: Wahindu wanasema roho hupita maisha laki 84 kabla ya kupumzika. Laki yao ndiyo laki yetu, tuliichukua kwao pamoja na pesa na gari.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Bibi yangu, yule mwenye meno manne, alikuwa akitusimulia habari za baba yake. Wakati wa Wajerumani baba yake alikuwa mpagazi, na safari moja aliwekwa kwenye machela ya bwana mkubwa, kutoka Pangani kwenda Handeni. Machela ni kitanda cha kitambaa kwenye mti, watu mabegani. Kwa miaka yote bibi aliyosimulia kisa hicho, hakutaja jua wala miba wala uzito. Alitaja jambo moja: baba yake alisema yule bwana alilala. Wao wanapanda mlima, jasho linaingia machoni, na kule juu ya mti wanamsikia anakoroma.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya wale wanaume wanne nilikuwa na jambo kubwa kuliko goti. Mimi, kijana wa miaka ishirini na nne, kitukuu cha mpagazi, nibebwe na wazee? Nikamwambia yule mwenye kilemba, kwa Kihindi changu cha kuvunjavunja, kwamba haifai, wao ni wakubwa kwangu, nitaona haya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema tangu magari ya waya yaanze, wao hukaa hapa siku nzima wakitazama watu wakipita juu ya vichwa vyao. Siku za upepo ndizo siku zao. "Wewe unaona haya," akasema, "mimi nina watoto watatu." Kisha akataja bei.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Mimi ndiye niliyekuwa mzigo, na bado nilitaka kuamua mwenyewe kama mzigo ule ni wa heshima au wa fedheha. Na nitakiri jambo baya: bei nilipambana nayo. Kwa mazoea tu, mdomo ulianza wenyewe, kama niko soko la Mgandini. Niliposikia sauti yangu inaomba kupunguziwa ujira wa kubebwa na watu wanne ngazi 5,000, nilinyamaza katikati ya sentensi, nikalipa alivyosema.

Kiti ni kidogo. Unakunja miguu, na kamba zinapita karibu na masikio. Waliponyanyua, nilishika mti kwa mikono yote miwili. Mwenye kilemba akasema kitu, wakashusha, akanitoa mikono kwenye mti akaiweka mapajani mwangu, kama unavyomkalisha mtoto anayenyolewa. Wakanyanyua tena.

Hawatembei kama watu wanaobeba. Wanashuka kwa mwendo wa kukimbia kidogo, hatua fupi fupi, miguu yao yote inagusa ngazi kwa pamoja, na wanaitana, mmoja anatoa sauti, mwingine anaipokea. Wawili warefu walikuwa mbele na wafupi nyuma, ili kiti kisiinamie chini. Mabegani mwa aliyekuwa mbele yangu palikuwa na nundu, ngozi iliyokuwa ngumu na kung'aa kama kisigino, moja kila upande. Kila baada ya muda wanatamka neno, mti unaruka kutoka bega hili kwenda lile, na mimi juu yake sihisi kitu. Watu waliokuwa wakipanda walisogea kando. "Jai Girnari!" Sikujua kama salamu ile ni yangu au yao. Nilijibu kwa sauti ndogo.

Nilijiapiza kwamba chochote kitakachotokea, sitalala. Nitawasemesha, nitawauliza habari za watoto, watajua niko macho pamoja nao. Niliwauliza mawili matatu. Walijibu kwa ufupi, pumzi yao ni ya kazi, si ya mazungumzo. Jua lilikuwa usoni. Nilikuwa nimeamka saa tisa usiku. Kiti kinabembea.

Niliamka kwa sababu kimya kilikuwa kikubwa. Tulikuwa chini, Bhavnath, karibu na ileile mizani. Doli imewekwa, wale wanne wamekaa kwenye ngazi wanakunywa chai, na mate yangu yalikuwa yameteremka mpaka kwenye kola. Hawakuniamsha. Muuza chai wa alfajiri alikuwa akinitazama kwa upole kabisa, labda sasa amehakikisha kwamba mimi ni Msiddi.

Nilianza kuomba radhi. Kihindi changu kilinitoka chote, nikachanganya na Kiswahili, nikamwambia mzee wa kilemba habari za babu wa Pangani, machela, Mjerumani aliyekoroma. Sidhani alifahamu hata nusu. Alipofahamu kwamba naomba radhi kwa kulala, alishangaa kwa dhati. Akawatafsiria wenzake kwa Kigujarati, nao wakashangaa. Kisha akanieleza, kama fundi anavyomweleza mteja asiyejua: abiria aliye macho anahangaika, anashikilia, anaegemea upande wa kuogopa, kilo 84 zinakuwa 100. Aliyelala hatikisiki. "Umelala vizuri," akasema. Niliwanunulia chai ya pili, na mahindi ya kuchoma. Tulikaa pale mpaka mwenzangu wa Voi alipotokea saa kumi alasiri, vumbi mpaka kwenye kope, anatabasamu kama aliyeposa.

Sijui baba yake bibi angesema nini. Nimefikiria mara nyingi. Yeye hakulipwa alichotaja, hakutaja bei yoyote, na hakukuwa na siku ya upepo ambayo ni yake. Kwa hiyo maneno ya yule mzee wa kilemba sikuyapeleka kwake, ni ya mlima ule na watu wale. Lakini usiku ule nikiwa nimeweka goti kwenye beseni la maji ya moto, niliona kwamba kwa miaka yote nimekuwa nikikisikia kisa cha bibi kama kisa cha usingizi.

Kaka nilimpigia siku ya tatu, kwa simu ya picha. Leicester ilikuwa inanyesha, yeye amevaa sweta mbili. Kiswahili chake hakijapungua hata kidogo, bado cha Ngamiani kabisa.

"Umefika juu kabisa?"

Nilikuwa nimeandaa uongo. Lakini nilimwambia: Amba nimefika, Gorakhnath nimefika, Dattatreya sikufika, na kushuka nimebebwa. Nikamwambia naona aibu, maana yeye alipanda akiwa na miaka sita.

Alinitazama kwa muda. "Nani amekwambia mimi nilipanda kwa miguu?"

"Wewe, Kaka. Dukani."

"Mimi nilisema nimefika. Mtoto wa miaka sita atapanda vipi ngazi elfu kumi? Una wazimu?" Akacheka mpaka akakohoa, mkwewe akapita nyuma yake kumpa maji. "Nilipimwa pamoja na mama yangu, kwenye mizani moja. Wanne walitubeba." Akafuta macho. "Wakati wa kushuka, warefu wamekaa mbele, siyo?"

"Ndiyo, mbele."

"Eeh. Mmoja alikuwa na kovu hapa." Akagusa nyuma ya shingo yake. "Hekalu silikumbuki. Mama Amba nisamehe, silikumbuki hata kidogo. Ule mgongo naukumbuka."